Alama Nyeupe kwenye Delko

Kamioneti ya Mzee Mbaraka ilikwisha pita nyumba ya mwisho ya Rumonge, na kina mama waliokaa nyuma juu ya magunia ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, walikwisha maliza wimbo wa kwanza, Asiya alipokumbuka kwamba hakumuaga paka wake. Lakini hakujali sana. Siku hiyo alikuwa amekaa kiti cha mbele, karibu na baba yake, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu azaliwe, na alikuwa na miaka kumi na miwili kamili. Alitoa kiwiko nje ya dirisha kama walivyofanya watu wazima. Kila aliyekuwa akitembea kando ya barabara alipata salamu yake.

"Amahoro!" aliita. "Tunaenda Uhuru!"

"Amahoro, mwanangu! Mtusalimie bendera!" walijibu watu.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya mwisho ya mwezi wa sita, mwaka 1962. Kesho yake Burundi ingepata Uhuru wake, na bendera mpya ingepandishwa Usumbura, mji tunaouita leo Bujumbura. Mzee Mbaraka alikuwa amewaahidi kina mama wa mtaa kwamba atawafikisha huko kabla ya jioni, wao na ngoma zao. Kiongozi wao, Bibi Kadidja, mama mnene mwenye sauti ya kuvuka ziwa, alikuwa ameshona kanga mpya za kundi zima.

Kiti cha mbele Asiya alikipata kwa kazi. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya baba yake kwenda msikitini, yeye ndiye aliyeosha gari. Kwa kawaida aliosha milango, magurudumu na kioo, basi. Lakini Ijumaa hii, kwa heshima ya Uhuru, alifungua na boneti. Akasugua injini kwa majivu na nyuzi za chikichi, kama vile mama yake alivyomfundisha kusugua sufuria za sikukuu. Mzee Mbaraka aliporudi kutoka msikitini alifungua boneti, akaona uso wake kwenye chuma. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Mariyamu!" alimwita mke wake. "Njoo uone, mwanao amepika injini!" Kisha akamwambia Asiya, "Kesho utakaa mbele."

Kwa hiyo Asiya alikuwa amekaa mbele. Ziwa lilikuwa mkono wa kushoto, limetulia kama maji ya kwenye beseni. Migomba ilikuwa mkono wa kulia. Na hapo ndipo kilima kilipoanza.

Kilikuwa kilima kidogo tu. Gari hilo lilikuwa likikipanda kila wiki likiwa na mapipa ya mawese. Siku hiyo lilianza kuvuta pumzi kama mgonjwa wa pumu. Mzee Mbaraka alikanyaga mafuta, gari likajibu kwa nyuma: Pa! Pa! Pa!

"Haya!" alipiga kelele Bibi Kadidja. "Gari linapiga mizinga ya Uhuru kabla ya siku!"

Kina mama walicheka na kupiga vigelegele. Mzee Mbaraka hakucheka. Mvuke ulikuwa ukitoka kwenye rejeta. Katikati ya kilima gari lilikohoa mara mbili, likatetemeka, likazima.

Bakari, kijana mkubwa aliyekuwa akipakia mizigo ya Mzee Mbaraka, aliruka chini na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Akafungua boneti, akatazama ndani kama daktari, ingawa hakujua chochote.

"Ni huyu fundi wako wa Bukavu, Mzee," alisema. "Juzi alishinda humu kutwa nzima. Gari lilikuwa zima, sasa ni sufuria ya chai."

Asiya aliyasikia maneno hayo. Alikuwa amekumbuka jambo moja. Alilifukuza jambo hilo. Lilirudi.

Hawakuwa mbali na nyumbani. Waliligeuza gari kwa kulisukuma, kina mama wakishuka na kulitia mabega huku wakiimba, likateremka lenyewe mpaka karibu na soko. Watoto wa sokoni walilisukuma lililobaki. Saa mbili na nusu asubuhi lilikuwa uani kwa Mzee Mbaraka, mahali palepale lilipolala. Kuku walirudi chini yake kama kwamba halikuondoka.

Fundi Mushagalusa aliitwa. Huyu alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye masikio makubwa. Alikuwa amefika Rumonge miezi mitatu nyuma kutoka Bukavu, Kongo, pamoja na mke wake, binti yake Bora, baiskeli moja na sanduku moja la spana. Gari la Mzee Mbaraka lilikuwa gari la kwanza alilokabidhiwa katika mji huo. Bora alikaa dawati moja na Asiya shuleni, na kwa hiyo Asiya alijua mambo ambayo wengine hawakuyajua. Alijua kwamba wenye magari wengine wawili walikuwa wakingoja kuona kamioneti hii itakavyokwenda. Ikienda vizuri, watampa kazi. Isipoenda, Bora na wazazi wake watafunga mizigo tena na kutafuta mji mwingine.

Fundi alikuja mbio akikokota baiskeli, Bora nyuma yake amebeba sanduku kichwani.

"Baba Asiya, iko nini?"

"Unaniuliza mimi?" alijibu Mzee Mbaraka. "Kina mama kumi na moja wamekaa kibarazani kwangu wananitazama. Wewe ndiye uniambie."

Mushagalusa aliinama ndani ya boneti. Kwanza alishangaa jinsi injini ilivyong'aa. Kisha akashika kile chombo cheusi chenye nyaya kama miguu ya buibui, ambacho mafundi wa pwani ile wanakiita delko. Kazi ya delko ni kugawa cheche za moto, kila chumba cha injini kwa zamu yake. Alikitikisa, hakikutikisika. Alipapasa chini yake kwa kidole. Akainuka polepole.

"Alama yangu iko wapi?"

"Alama gani?" aliuliza Bakari.

"Nilitega avansi juzi, ule wakati wa cheche kuruka. Nilipomaliza, nikaweka alama ya rangi nyeupe, nusu kwenye delko, nusu kwenye injini, zikae uso kwa uso. Delko ikisogea kidogo tu, alama zinaachana na mimi ninajua. Sasa hakuna alama."

"Hakuna kwa sababu hukuweka," alisema Bakari, akiwatazama kina mama ili wacheke. "Huyu alijifunza ufundi kwa kufungua redio!"

Baadhi yao walicheka.

"Papa aliweka!" alisema Bora, akimwonyesha baba yake. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyotaka. "Mimi ndiye niliyemshikia kopo. Ni rangi iliyobaki walipopaka madirisha ya kanisa."

"Mtoto atamtetea nani kama si baba yake?" alisema Bakari.

Mzee Mbaraka aliinua mkono, wote wakanyamaza. "Fundi, tuache alama. Kuna mtu aligusa delko?"

"Mimi ninakuuliza wewe, Baba Asiya."

"Hakuna anayegusa gari langu."

Mushagalusa alijipangusa jasho. "Basi kama hakuna mkono wa mtu, kitu kimeruka ndani, kwenye meno ya injini. Lazima nifungue yote. Siku tatu."

"Siku tatu!" Bibi Kadidja alisimama. "Uhuru utatungoja siku tatu?"

"Labda nimekosea mimi," alisema Mushagalusa, chini, kama mtu anayesema peke yake. "Labda niliikaza vibaya."

Mzee Mbaraka alivua kofia, akaivaa tena. Hakuwa mtu wa kufoka. Lakini alisema, na wote wakasikia: "Kama ni hivyo, fundi, tumalizane leo. Sitakuita tena, na mtu akiniuliza habari zako siwezi kumficha."

Bora alikuwa ameshika sanduku la spana kwa mikono miwili, ametazama chini. Hakulia. Afadhali angelia, Asiya angepata sababu ya kutazama pengine.

Sasa lile jambo alilolifukuza kule kilimani lilisimama mbele ya Asiya waziwazi. Ijumaa, alipokuwa akisugua, nyuzi za chikichi hazikufika nyuma ya delko. Alichukua spana kwenye mkoba wa baba yake, akalegeza nati, akakizungusha kile chombo kidogo apate nafasi, akasugua, akakaza nati kwa nguvu zake zote. Hakujua kwamba lazima kirudi palepale kilipokuwa. Aliona nyaya zimeelekea upande mwingine kidogo, moyo ukamwambia kitu, lakini baba yake alikuwa akikohoa mlangoni, na yeye akafunga boneti. Na ile alama nyeupe? Aliiona. Aliisugua kwa bidii kuliko vingine vyote.

Alifikiri: nikinyamaza, nitabaki mwenye kiti cha mbele. Akafikiri tena: na Bora atakaa wapi?

"Baba," alisema.

"Nenda kwa mama yako, Asiya. Si wakati wako."

"Baba, alama ilikuwepo."

Mzee Mbaraka aligeuka. "Umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyeifuta. Na delko nililizungusha. Nililegeza nati ili nioshe nyuma, nikaikaza tena." Machozi yalikuwa yameanza, lakini aliendelea mpaka mwisho. "Ile rangi nyeupe... nilidhani ni choo cha kuku."

Bibi Kadidja akaanza kutikisika, mabega kwanza, halafu tumbo, halafu kiti alichokalia. "Choo cha kuku!" alisema, akishika mbavu. "Rangi ya kanisa! Jamani, nishikeni!" Kibaraza kizima kilivunjika kwa kicheko. Mariyamu, mama yake Asiya, alificha uso kwa ushungi, lakini mabega yake yalimsaliti.

Aliyecheka kwa furaha kuliko wote alikuwa Mushagalusa. Alipiga makofi. "Aksanti, mutoto! Aksanti sana! Basi ndani hakuna kilichovunjika. Wapi siku tatu! Nipeni saa moja."

Akawaita Asiya na Bora. "Njooni wote wawili. Tutaanza mwanzo kabisa, tusikosee mara ya pili. Mmeona mama wawili wakitwanga chikichi katika kinu kimoja?"

"Tumeona," walisema.

"Mmoja akiwahi, itakuwaje?"

"Michi inagongana," alisema Bora.

"Na akichelewa?"

"Mwenzake anapoteza nguvu bure," alisema Asiya, akijifuta pua.

"Basi. Injini inasukuma, cheche inapiga. Lazima zipokezane. Wewe Asiya uliifanya cheche ichelewe. Moto ukawa unawaka wakati kazi imekwisha, ndiyo maana gari lilichoka, likachemka, likapiga mizinga."

Akafungua plagi ya chumba cha kwanza. Akamtuma Bora alete jani bichi la mgomba, akalisokota likawa kizibo, akaziba tundu la plagi. Kisha akachomeka manivela mbele ya gari, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, akamwambia Bakari, "Wewe mwenye maneno, zungusha. Polepole."

Bakari alizungusha. Mzunguko wa kwanza, kimya. Wa pili, ghafla, pu! Kizibo kiliruka, kikapita juu ya boneti na kumwangukia Bibi Kadidja mapajani. Kina mama wakapiga vigelegele.

"Hapo!" alisema Mushagalusa. "Upepo umebanwa. Sasa ni zamu ya chumba hiki. Bora, tazama puli ile chini, lile gurudumu la mkanda. Kuna mchoro kama kovu. Ukifika kwenye kidole cha chuma, sema."

"Bado, Papa... bado... Bakari, taratibu... papo!"

"Usiguse tena manivela!"

Mushagalusa alikwenda kwenye baiskeli yake, akachomoa balbu ya taa ya mbele. Akaifunga nyaya mbili, mmoja kwenye delko, mmoja kwenye chuma cha gari. Akalegeza ile nati. Mzee Mbaraka akawasha swichi. Balbu ilibaki giza.

"Asiya, njoo. Mkono wako ndio uliopoteza, basi ndio utakaotafuta. Zungusha delko. Usisugue, si sufuria! Kama unageuza yai la moto."

Asiya alishika delko kwa vidole vya mikono miwili. Alizungusha kidogo, balbu giza. Kidogo tena, giza. Alishusha pumzi, akasogeza upana wa unywele, na balbu ya baiskeli ikawaka.

"Imewaka!" walipiga kelele watoto wote waliojaa uani.

"Hapo ndipo cheche inaporuka," alisema Mushagalusa, akikaza nati haraka. "Ukipitiliza, umewahi. Usipofika, umechelewa. Avansi ni hapo tu."

Alirudisha plagi. Mzee Mbaraka alizungusha manivela mwenyewe, mara moja, na gari likaitika. Halikukohoa. Lilinguruma laini, sawasawa, na mafuta yalipokanyagwa lilipaza sauti bila kupiga hata mzinga mmoja. Kopo la rangi lililetwa. Bora akamshikia baba yake, na alama nyeupe ikawekwa upya, kubwa kuliko ya kwanza.

"Hii hata kuku ataisoma," alisema Mushagalusa.

Mzee Mbaraka alizima gari. Alimwendea fundi mbele ya kina mama wote, akampa mkono. "Baba Bora, nilisema mbele ya watu, na ninafuta mbele ya watu. Nilikosa. Nilisema hakuna anayegusa gari langu, na mimi ndiye niliyemsifu aliyeligusa. Nisamehe. Twende wote Usumbura, wewe ukae mbele."

Kisha akamtazama Asiya. Asiya alikuwa ameshajua kwamba kiti kimekwenda.

"Wewe utakaa nyuma, juu ya ndagala," alisema baba yake. "Na kwa mwezi mzima utaosha magurudumu tu."

"Ndiyo, Baba."

"Ngoja, sijamaliza. Kuosha si kosa, ulifanya kazi kwa moyo. Kufungua nati usiyoijua bila kuuliza, hilo ni kosa, nalo tumelirekebisha kwa saa moja kwa balbu ya baiskeli. Lakini kuna muda uliosimama pale umenyamaza, na mtu mzima anabeba mzigo wako mbele ya mtoto wake. Muda ule ungeendelea, hakuna balbu ingeonyesha mahali pa kuurudisha. Umesema mwenyewe bila kuulizwa, na ulikuwa na kiti cha kupoteza. Kwa hilo ninakushukuru. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, wakati nati bado inalegea. Ninyi wengine watoto mmesikia?"

"Tumesikia!" waliitikia watoto wa mtaa mzima.

Waliondoka saa nne. Bora na Asiya walikaa nyuma pamoja, juu ya gunia moja. Gari lilipanda kile kilima likiwa na watu, ngoma na ndagala, na kileleni Bibi Kadidja alidai gari liimbiwe wimbo wake lenyewe. Walisimama Magara kununua samaki wa kukaanga. Usumbura walifika jua likiwa bado juu ya ziwa, na kesho yake waliiona bendera.

Wenye magari wale wawili walimpa Mushagalusa kazi mwezi wa saba. Alifungua karakana nyuma ya soko la Rumonge, akakaa hapo miaka kumi. Bakari alijifunza kwake, akawa dereva wa lori, na aliendelea kusema sana. Bibi Kadidja alifariki mwaka 1970, na kanga ile ya Uhuru ilibaki kwa binti yake. Mwaka 1972 mauaji yalipoanza na mambo kuchafuka, watu wengi wa pwani ile walihama. Mushagalusa alirudi na familia yake Kongo, akafanya kazi Uvira mpaka uzee ulipomzuia. Bora akawa mkunga. Mzee Mbaraka na Mariyamu walihamia Kigoma, wakazikwa huko. Asiya aliolewa Ujiji, akauza vitambaa, na watoto wake walimwogopa kwa jambo moja tu, la kukosea na kukaa kimya. Kamioneti ilikuwa imeuzwa mwaka 1968. Bodi lake lilikatwa vipande, na injini ikapelekwa Kizuka kuendesha mashine ya kukamua mawese. Ilifanya kazi huko miaka mingi, imejaa mafuta na vumbi, na kwenye delko, nusu huku na nusu huku, ile alama nyeupe ilikuwa bado inaonekana.